Rabai: kanisa lililojazwa na watoro

Ukitoka Mazeras kuelekea Kaloleni, nyuma ya Mombasa, njia inapanda vilima vya minazi, na muda si muda umefika Rabai. Kwenye uwanja wa misheni kuna majengo mawili ya ibada. Moja ni dogo na la kale, linalohesabiwa kuwa la miaka ya 1846 hadi 1848. Siku hizi ni makumbusho yenye jina la Johann Ludwig Krapf. La pili ni Kanisa la Mtakatifu Paulo, la mwaka 1887, ambalo mpaka leo parishi ya Kianglikana inalitumia kwa ibada. Wageni hupelekwa zaidi kwenye lile dogo. Mimi nadhani kisa chenyewe kimo kwenye lile kubwa.

Swali langu ni jepesi. Kwa miaka arubaini wamisionari wa Rabai walihubiri na kuambulia waumini wachache mno. Jengo dogo liliwatosha na kubaki. Ilikuwaje basi kijiji hichohicho kikahitaji kanisa kubwa mwaka 1887? Waumini walitoka wapi?

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu "kanisa la kwanza Kenya", sifa ambayo Rabai hupewa kila mara. Wareno walikuwa na makasisi wao Mombasa tangu mwisho wa karne ya 16, na ndani ya Ngome ya Yesu bado yako magofu ya kanisa lao. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyebatizwa na Wareno kwa jina la Dom Jerónimo, aliwageuka na kuiteka ngome. Kwa hiyo Rabai ni ya kwanza kwa Waprotestanti, na hiyo ni sifa ya kutosha.

Krapf alikuwa Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na shirika la kimisionari la Kiingereza, CMS (Church Missionary Society), baada ya kushindwa kuendelea na kazi Uhabeshi. Alifika Unguja Januari 1844, na Sayyid Said, Sultani wa Unguja, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Julai mwaka huohuo, Mombasa, homa ilimchukua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Rosine alizikwa ng'ambo, upande wa Nyali. Krapf hakuondoka. Alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Ndiyo kusema kazi ya kwanza ya Biblia ya Kiswahili ilipitia mikononi mwa kadhi, jambo ambalo Waislamu na Wakristo wa pwani wangefaa kulikumbuka wanapokutana.

Juni 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na tarehe 25 Agosti wawili hao wakahamia Rabai. Wote walikuwa wagonjwa wa homa. Punda alikuwa mmoja, wakampanda kwa zamu. Walikofikia Krapf alipaandika "Rabai Mpia", yaani Rabai Mpya. Warabai wenyewe, ambao ni mojawapo ya makabila ya Mijikenda, husema Mudzi Muvya, mji mpya. Kaya ya Mudzi Muvya, yaani mji wa kale wa msituni, pamoja na za Bomu na Fimboni, imo katika misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliyotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Misheni haikuanzia porini mahali patupu. Ilianzia kando ya mji wenye wazee wake, mipaka yake na ibada yake, na ilianza kwa ruhusa ya wazee hao. Krapf mwenyewe anasimulia walivyomkubalia kwa wepesi uliomshangaza, wakisema hata ndege wana viota, basi na Wazungu wawe na nyumba.

Kukaribisha mtu ajenge ni jambo moja, kumfuata katika dini yake ni jingine. Ibada ya kwanza ilihudhuriwa na watu kama kumi na watano. Baadaye mmoja wao, Abe Gunja, alimweleza Krapf bila kuficha: Mzungu akitoa mchele au ng'ombe kila mara, watu watakuja, asipotoa, watakaa kwao, kwa sababu hakuna Mnyika (ndivyo Mijikenda walivyoitwa wakati huo) anayekwenda kwenye maneno pasipo kula na kunywa. Krapf aliliandika hilo kwa masikitiko. Mimi naona Abe Gunja alikuwa anamfundisha adabu ya mahali. Baraza bila chakula ni baraza gani? Mwenye kuwaita watu ndiye mwenye kuwalisha. Ndivyo ilivyokuwa, na katika matanga na harusi zetu ndivyo ilivyo hadi sasa. Na huyohuyo Abe Gunja ndiye aliyekuja kubatizwa kwa jina la Abraham, pamoja na mwanawe Nyondo aliyeitwa Isaac.

Lakini hao walikuwa wa kuhesabika. Wa kwanza kabisa, Mringe, alikuwa mtu mwenye ulemavu aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Krapf alipoondoka mwaka 1853, waliobatizwa hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Rebmann alibaki mpaka 1875, miaka 29. Dunia inamjua kwa Kilimanjaro, aliyoiona Mei 1848, na kwa wataalamu wa London waliocheka habari ya theluji karibu na Ikweta. Rabai ilimjua kama mzee aliyekaa na vitabu vyake Kisulutini, jina ambalo barua za wakati huo hukiita kituo cha Rabai, macho yakififia mpaka akawa karibu kipofu. Richard Burton na John Speke walimtembelea mwanzoni mwa 1857, kabla ya safari yao ya maziwa makuu. Mwaka huohuo mashambulizi ya Wamasai yalimlazimu kukimbilia Unguja. Alirudi, akaendelea.

Katika miaka hiyo ya kimya kuna mtu ambaye nataka msomaji amshike, kwa maana yeye ndiye dalili ya mapema ya kilichokuja. Aliitwa Salimini. Alitekwa huko ambako sasa ni Malawi, akauzwa, akafikishwa pwani, akawa mtumwa wa mwenyeji wa Mombasa. Rebmann alikaa naye miaka akiandika maneno ya lugha yake, na matokeo yake ni kamusi ya "Kiniassa" iliyochapishwa Uswisi mwaka 1877, Rebmann akiwa ameshakufa. Jina la juu ya kitabu ni la Rebmann. Maneno ni ya Salimini, mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine wakati alipokuwa anayatamka.

Badiliko la kwanza lilikuja kwa njia ya India. Mwaka 1864 walifika Waafrika waliokuwa wametolewa kwenye majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza, wakalelewa na kusomeshwa katika kituo cha CMS karibu na mji wa Nasik, si mbali na Bombay. Miongoni mwao walikuwa William Henry Jones, George David na Ishmael Semler, pamoja na wake zao. Walijua kusoma, walijua ufundi, walijua Kiingereza, na walijua utumwa ni nini kwa kuupitia. Vitabu huwaita Waafrika wa Bombay. Ukitaka kujua nani aliyelijenga kanisa la Rabai, kwa maana ya kulitia watu, anza na hawa.

Badiliko la pili lilikuwa la sheria. Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja wakati huo, alitia sahihi mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Tazama vizuri kilichopigwa marufuku: ni biashara. Utumwa wenyewe ulibaki halali. Bwana wa shamba la Malindi au Takaungu, ambako mashamba yalikuwa yanapanuka kwa kasi, alizuiwa kuleta watu wapya kwa bahari, lakini aliokuwa nao walikuwa wake kwa sheria ya Sultani. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Frere Town, upande wa bara mkabala na Mombasa, chini ya William Salter Price, ili kuwapokea walionaswa na manowari. Hao waliletwa kwa meli na kuandikishwa. Serikali ilijua ni akina nani.

Watoro hawakuletwa na mtu. Walijileta. Mtu alitoroka shamba usiku, akafuata vijia vya nyuma ya pwani, akitafuta mahali ambapo bwana wake hatafika. Wengine walijenga vijiji vyao wenyewe. Maarufu ni Fuladoyo, huko Ugiriama, ambako Wakristo wachache waliotokana na kazi ya Rabai waliishi pamoja na watoro na kusali bila Mzungu yeyote. Kiongozi wao mmoja, David Koi, alikamatwa na watu wa pwani na kuuawa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Baada ya hapo watu walitawanyika, na sehemu yao walielekea Rabai. Njaa ya 1884 ikaongeza wengine.

Rabai ilikuwa mikononi mwa Jones. Wazungu walikuja na kuondoka kwa homa na likizo, yeye alikuwapo. Shirika lilikuwa na agizo lililo wazi: watoro wasipokewe, kwa sababu kumpokea ni kuvunja sheria ya nchi na kuwachokoza wenye mali. Balozi wa Kiingereza wa Unguja alikuwa amelisema hilo, na wamisionari waliahidi. Kijijini agizo hilo halikushika. Wageni walikuja, wakapewa mahali pa kujenga, wakalima, wakaingia darasa la ubatizo, wakaketi kanisani. Mtu aliyewahi kuuzwa mwenyewe, ungetaka amfukuze mwenzake mlangoni?

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimtawaza Jones kuwa shemasi, yeye na Semler. Julai mwaka huo askofu alitoka Rabai na wapagazi wapatao 200 kwenda Uganda kwa njia mpya ya Umasai, Jones akiwa msaidizi wake. Karibu na mwisho wa safari alimwacha Jones Kavirondo, upande wa Ziwa Viktoria, na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wachache. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Jones alingoja, habari zikamfikia, akaugeuza msafara. Februari 1886 watu wa Rabai waliuona ukiingia kwa miguu iliyochoka, mbele yake bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Ni jina la mtoto katika Samweli wa Kwanza, aliyezaliwa siku sanduku la Mungu lilipotekwa, nalo lina maana kwamba utukufu umeondoka. Sijui kama kuna tangazo la msiba katika historia ya pwani lililosema mengi kwa herufi chache hivyo. Aliyewarudisha watu wale nyumbani salama, mamia ya maili, alikuwa shemasi Mwafrika. Vitabu vingi humkumbuka askofu.

Mwaka uliofuata, 1887, likawapo Kanisa la Mtakatifu Paulo. Sasa jibu la swali langu liko mezani. Warabai hawakubadili mawazo ghafla. Kijiji cha misheni ndicho kilichobadilika: kilikuwa kimegeuka makazi ya watu wasio na kaya, wasio na ukoo wa karibu, wenye sababu kubwa kuliko zote ya kutaka mahali ambapo jina lao litaandikwa upya. Ubatizo uliwapa jina. Kanisa liliwapa watu wa kuwazika.

Wenye mali nao hawakuwa vipofu. Kufikia 1888 manung'uniko yalikuwa yamekuwa vitisho vya wazi: kwamba Rabai na Frere Town zitashambuliwa na watu wachukuliwe kwa nguvu. Wakati ulikuwa mbaya kuliko yote. Barghash alikuwa ameikodisha pwani hii kwa kundi la mfanyabiashara William Mackinnon mwaka 1887, na Septemba 1888 kundi hilo likapata hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Kusini, upande wa Wajerumani, watu wa Pangani na miji mingine walikuwa wamesimama chini ya Abushiri bin Salim, na kampuni ya Kijerumani ilikuwa inatimuliwa kutoka mji hadi mji. George Mackenzie, mwakilishi wa kampuni ya Kiingereza, alifika Mombasa Oktoba 1888 kuchukua usimamizi wa pwani yenye hasira, na hasira hiyo ilikuwa na jina moja, nalo ni watoro wa misheni.

Price, aliyeanzisha Frere Town, alirudishwa haraka kutoka Uingereza. Alipochunguza Rabai alikuta si watoro wawili watatu waliojipenyeza. Walikuwa mamia. Ukijumlisha na waliokuwa katika vituo vya Wamethodisti, idadi ilipita 1,400, na wengi wao walikuwa Rabai. Hapa ndipo ninapowatilia shaka wamisionari waliosema hawakujua. Kijiji si mji. Mtu akipika kwa kuni mbichi jirani anajua. Mamia ya watu wanajenga, wanalima, wanasali mbele yako, kisha useme hukujua? Nadhani walichagua kutouliza, na kutouliza huko kuliwafaa wote: watoro walipata hifadhi, wamisionari walipata waumini wa kuandika katika ripoti, na Jones alipata kufanya alichoona ni haki bila kumtia bosi wake hatiani. Lawama ilipokuja, ilielekea kwa Jones.

Mackenzie alilitatua kwa fedha. Orodha ikaandikwa, mtoro na bwana wake. Wenye mali wakalipwa fidia. Na mwanzoni mwa 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Kwa upande wa kampuni ilikuwa hesabu nzuri. Wakubwa wa Mombasa walitulia, wengine wakamsifu Mackenzie waziwazi, na Abushiri hakupata mwenzake kaskazini. Kwa watoro ulikuwa mwisho wa kuishi kwa kusikiliza hatua za watu njiani usiku. Sitalidharau hilo kwa sababu ya nadharia.

Hata hivyo tuseme lilivyokuwa. Fedha zilikwenda kwa bwana. Aliyelimishwa miaka kumi bila ujira hakulipwa chochote isipokuwa karatasi. Kumlipa bwana ni kukiri kwamba alikuwa na haki, na mpango huo ulikuwa na upande wa pili: misheni zilitakiwa kuufunga mlango. Mtoro aliyefika kabla ya orodha alipata uhuru, na aliyechelewa alirudi kuwa mali. Mwaka uliofuata Frederick Lugard, akiwa kazini kwa kampuni, alikuwa bado anahangaika na watoro wa Fuladoyo kwa mpango wa kuwafanyisha kazi ili wajikomboe wenyewe kwa mshahara. Utumwa pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907, miaka ishirini baada ya Mtakatifu Paulo kujengwa.

Kuna upande mmoja ambao simulizi za kanisa huupita haraka, nao ni Warabai wenyewe. Wazee wa 1846 waliwakubalia Wazungu wawili wagonjwa na punda mmoja. Hawakukubaliana na mtu kuhusu mji wa mamia ya wageni kutoka Nyasa, Uyao na kwingineko, wanaolima ardhi ya misheni na kutii kengele badala ya kaya. Kwamba jambo hilo halikuleta vita kati ya wenyeji na wageni ni sifa ya Warabai, na sijaona ikitajwa inavyostahili. Baadhi ya watu wa nyika waliwarudisha watoro kwa mabwana zao kwa malipo, ni kweli. Wengi zaidi waliwaacha wapite.

Kwa hiyo Rabai leo ina urithi wa aina tatu katika mwendo wa miguu. Kaya ina UNESCO. Jengo dogo lina makumbusho, na jina la mtu aliyekaa miaka saba. Kanisa la 1887 lina waumini wake, na hilo ni zuri kuliko kibao chochote, lakini mgeni hulipita akidhani ni nyongeza ya baadaye. Simpunguzii Krapf: sarufi yake ya Kiswahili ya 1850 na kamusi iliyotoka 1882, mwaka uliofuata kifo chake, zimo katika misingi ya uandishi wa lugha hii kwa herufi za Kilatini, herufi hizihizi unazosoma. Lakini tukimwita mwanzilishi wa kusanyiko la Rabai tunampa kazi ya watu wengine.

Ningekuwa mwongoza wageni, nisingeanzia makumbusho. Ningemketisha mgeni kwenye benchi la nyuma la Mtakatifu Paulo nimwambie ahesabu nafasi za watu, safu kwa safu, mpaka madhabahuni. Akimaliza tutoke nje, tuvuke uwanja, tuingie kwenye lile jengo dogo, ahesabu tena.